Umri wa Bwawa

Mwaka 1957, miaka minne kabla ya Uhuru wa Tanganyika, tuta lilijengwa kukatiza mto wa msimu huko Ikowa, mashariki ya mji wa Dodoma. Nyuma ya tuta kulikuwa na nafasi ya maji chini kidogo ya meta za ujazo milioni 4. Kwa nchi kame hiyo ni mali. Mvua za Dodoma ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, zote zikiangukia kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, na hata ndani ya miezi hiyo hazinyeshi kwa utaratibu: dhoruba ya saa moja au mbili, kisha siku nyingi za jua kali. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuvuka kimo cha mtu jioni, na kesho yake likarudi kuwa mchanga mtupu.

Bwawa la namna hiyo hukadiriwa kwa maji: bonde litaleta kiasi gani, mashamba yatahitaji kiasi gani, jua litavukiza kiasi gani. Lakini mafuriko yale yale yanayolijaza bwawa huja na shehena nyingine, na shehena hiyo haivukizwi na jua wala haipiti kwenye mfereji wa umwagiliaji. Inakaa. Kila mwaka bwawa linapungua kwa chini, mahali ambapo hakuna anayetazama, huku uso wa maji ukionekana uleule. Mtu akisimama juu ya tuta mwezi wa Machi, bwawa limefurika, hawezi kujua kama chini yake kuna meta nane za maji au meta tatu za maji na tano za tope.

Waliokuja kulijua hilo kwa vipimo walikuwa wanajiografia na wanahaidrolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden. Mradi wao ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na ukafahamika kwa kifupi chake, DUSER. Matokeo yalitoka mwaka 1972 katika toleo zima la jarida la Geografiska Annaler. Humo kulikuwa na Len Berry na Paul Temple wa Dar es Salaam, na vijana wawili waliofanya kazi kubwa ya kutembea na kupima, Hammond Murray-Rust na Carl Christiansson. Aliyewaongoza alikuwa Anders Rapp.

Rapp anastahili maneno machache, kwa sababu alikuja Tanzania na tabia aliyoipatia mbali sana. Miaka ya 1950 alikuwa Kärkevagge, bonde la milimani kaskazini kabisa mwa Sweden, akipima mawe yanayoanguka kutoka kwenye majabali, theluji inayoporomoka na udongo unaotambaa polepole mteremkoni. Wenzake walizoea kueleza mabadiliko ya milima kwa maneno matamu. Yeye aliyaweka kwenye tani. Na jibu lilikuwa la ajabu. Mzigo mkubwa kuliko yote uliokuwa ukiondoka bondeni haukutokana na mawe yanayotisha. Ulikuwa madini yaliyoyeyuka ndani ya maji maangavu ya kijito, maji ambayo mtu yeyote angeyanywa akiapa kwamba hayana kitu. Sishangai kwamba mtu aliyetoka kwenye jibu hilo alipofika Dodoma hakuridhika na kile ambacho macho yalimwonyesha.

Kupima tope mtoni ni kazi ya kuchosha. Inabidi uwepo mafuriko yanapopita, na mafuriko ya Dodoma hayatoi taarifa; yakija saa nane za usiku, saa kumi na moja yamekwisha. Inabidi uchote maji kwa chupa mara kwa mara, kwa kuwa tope la mwanzo wa mafuriko si sawa na la katikati wala la mwisho. Na chupa hiyo hukamata zile chembe laini tu zinazoelea. Mchanga wa chini, ule unaoviringika na kurukaruka sakafuni mwa mto, huupati kwa chupa. Kukosa mafuriko mawili makubwa ya msimu ni sawa na kukosa mwaka mzima, maana nguvu ya maji kubeba mchanga huongezeka haraka kuliko maji yenyewe: mto ukijaa mara mbili, mzigo huweza kupanda mara nne au zaidi.

Bwawa, kwa upande wake, halilali na halikosi mafuriko. Mto unapoingia kwenye maji yaliyotulia hupoteza mwendo, na ukipoteza mwendo huangusha mzigo. Changarawe na mchanga mzito hutua mdomoni, mahali mto unapoingilia, na kujenga delta ndogo inayosogea mbele mwaka hadi mwaka. Mchanga laini huenda mbele kidogo. Mfinyanzi husafiri hadi karibu na tuta na kutua taratibu kwa siku kadhaa. Ni sehemu ndogo tu inayoponyoka kupitia utoro, ile njia ya kutolea maji ya ziada. Kwa hiyo, ukijua umbo la bonde siku tuta lilipojengwa, na ukapima umbo lake leo, tofauti ni kila kitu ambacho mto umeleta tangu siku hiyo, uwe ulikuwepo au hukuwepo.

Kazi yenyewe haina fahari. Maji yakiwepo, mnaingia na mtumbwi, mnanyoosha kamba kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na kila baada ya meta kadhaa mnashusha bildi mpaka iguse chini. Maji yakikauka, mnatembea juu ya sakafu ya bwawa na darubini ya upimaji, mmoja akishika fimbo yenye vipimo, mwingine akiandika. Hapo ndipo wataalamu hupenda kuchimba shimo, na shimo hilo lafaa kutazamwa kwa karibu. Juu kabisa pana mfinyanzi uliopasukapasuka vipande vyenye pande tano au sita, mgumu kiasi cha kugongwa kwa sururu. Sentimita chache chini yake kuna mstari mwembamba wa mchanga, kisha mfinyanzi tena, kisha mchanga. Kila jozi ni mafuriko: mchanga ulitua kwanza kwa sababu ni mzito, mfinyanzi ukafuata. Jozi nene ni dhoruba kubwa. Katikati ya tabaka huonekana majani yaliyooza, vijiti na samadi ya ng'ombe, vitu vilivyosombwa na maji ya kwanza ya msimu. Ukifika kwenye udongo wa zamani, wenye mizizi ya majani yaliyoota hapo kabla ya bwawa, umefika mwaka tuta lilipojengwa.

Mabwawa manne ya Dodoma yalipimwa. Ikowa lilikuwa kubwa, likikusanya maji ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600. Mengine matatu, Msalatu, Imagi na Matumbulu, yalikuwa madogo yaliyo karibu na mji, na mabonde yao yalikuwa ya kilomita za mraba chache: Imagi takriban 2, Msalatu karibu 9, Matumbulu 18. Bwawa la tano, Kisongo, lilikuwa magharibi ya Arusha, katika nchi ya malisho, likiwa na bonde la kilomita za mraba 9 na ushei.

Matumbulu ndilo lililotia hofu zaidi. Kila kilomita ya mraba ya bonde lake ilikuwa ikipoteza meta za ujazo 729 za udongo kwa mwaka. Zidisha kwa 18 na unapata zaidi ya meta za ujazo 13,000, yaani karibu safari 1,900 za tipa la meta za ujazo 7, kila mwaka, zikimwagwa ndani ya bwawa moja dogo. Imagi lilipata 601 kwa kila kilomita ya mraba, Kisongo 481, Msalatu 406. Ikowa, lenye bonde kubwa kuliko yote, lilipata 195 tu.

Hiyo 195 ilionekana ya nafuu, lakini bonde la Ikowa ni kubwa. Kwa jumla ilimaanisha zaidi ya meta za ujazo laki moja kila mwaka, na bwawa la milioni 4 kasoro, likipoteza laki na zaidi kwa mwaka, lina umri wa miaka 30 hivi. Waliolijenga wangeweza kuliona likifa kabla hawajastaafu.

Kwa nini bonde kubwa litoe kidogo kwa kila kilomita kuliko bonde dogo? Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kwamba Ikowa palitunzwa vizuri zaidi. Sivyo. Udongo ulikuwa ukimomonyoka huko juu vilevile, ila haukufika. Nchi ya Dodoma ina vilima vya mawe, chini yake miteremko mirefu ya taratibu, na chini kabisa mbuga za udongo mweusi. Maji yanayoshuka kilimani yakikutana na mteremko wa taratibu hupungua kasi na kuweka mchanga wake hapo, kwenye mdomo wa korongo, shambani kwa mtu au katikati ya mbuga. Bonde likiwa dogo na bwawa likiwa chini ya kilima moja kwa moja, udongo hauna pa kupumzikia. Bonde likiwa kubwa, vituo ni vingi. Mchanga unaoingia Ikowa mwaka huu huenda uliondoka kilimani enzi za babu wa mwenye shamba, na uliotoka kilimani mwaka huu utasubiri miongo.

Kwa mtazamo wangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotokana na mabwawa yale, na ndilo linalosahaulika kila mara: mahali udongo unapotoka, mahali unapoonekana na mahali unapoleta hasara ni pahali tofauti, na kati yao kuna miaka.

Chukua makorongo. Mgeni anayepita Dodoma au Kondoa kwa gari hupigwa na butwaa kwa makorongo, kuta nyekundu zilizochongwa wima, mizizi ikining'inia hewani. Hupiga picha. Ripoti nyingi za mmomonyoko zina picha ya korongo kwenye jalada. Lakini kundi la Rapp lilipolinganisha ukubwa wa makorongo na ujazo wa tope lililomo mabwawani, liliona kwamba sehemu kubwa ya tope lilitoka kwingine: mashamba na malisho yenye udongo mtupu, ambapo matone ya mvua hupasua udongo na maji yanayotambaa kama utando huubeba bila kuacha hata mfereji. Meta za ujazo 729 kwa kilomita ya mraba ni tabaka lisilofika milimita moja. Mkulima hawezi kuona milimita moja ikiondoka. Anachoona baada ya miaka 20 ni kwamba mawe yamekuwa mengi shambani, na mizizi ya mbuyu imepanda juu ya ardhi.

Hata hilo halikuwa geni kabisa. Miaka ya 1930 kituo cha mifugo cha Mpwapwa, mashariki ya Dodoma, kilikuwa kimefanya jaribio ambalo ni kati ya yale ya mwanzo kabisa ya aina yake barani Afrika. R. R. Staples aliweka viwanja vidogo vyenye mteremko sawa, akavizungushia kingo, na chini ya kila kimoja akaweka tangi la kukusanyia maji na udongo. Kiwanja kilichoachwa kitupu kilimwaga nusu ya mvua yote, na udongo uliopotea ulifikia tani 146 hivi kwa hekta. Kiwanja cha mtama kilipoteza takriban nusu ya udongo huo. Kiwanja cha nyasi kilimwaga chini ya asilimia 2 ya mvua, na udongo ulioondoka haukufaa hata kutajwa. Mvua ileile, mteremko uleule. Matangi ya Mpwapwa yalikuwa yamesema tayari kitakachokuja kusemwa na mabwawa ya Dodoma miaka arobaini baadaye.

Nchini Kenya, Thomas Dunne, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa kazi yake, alikusanya rekodi za tope za makumi ya mito na kuchapisha matokeo mwaka 1979. Alionyesha kwamba matumizi ya ardhi yana uzito kuliko mambo mengine mengi: mito ya misitu ilibeba kidogo sana, ya mashamba zaidi, na ya malisho yaliyochoka ndiyo iliyoongoza. Yeye na William Dietrich na mwenzao Brunengo walitumia pia miti kama kipimo. Mti wa nyika unaokua mahali ambapo udongo unaondoka hubaki umesimama juu ya kichuguu kidogo cha mizizi yake. Ukihesabu umri wa mti na kupima kimo cha kichuguu, umepata kasi ya mmomonyoko bila kusubiri mvua hata moja. Huko Kajiado na Amboseli kipimo hicho hakigharimu zaidi ya utepe na jicho la kuujua mti.

Serikali ya Tanzania haikungoja vipimo vyote. Mwaka 1973 ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama wengi wanavyoijua, na mwaka 1979 ikachukua hatua ambayo wazee wa Kondoa hawajaisahau: mifugo yote, takriban 90,000, iliamriwa kuondoka katika kilomita za mraba 1,256 za vilima vya Irangi. Nyasi zilirudi kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu. Miteremko ilifunikwa, na mito ya mchanga ikaanza kupungua upana. Miaka kumi baadaye ng'ombe wachache waliruhusiwa kurudi kwa masharti ya kufugwa ndani na kuletewa majani.

Kama kupunguza mmomonyoko ndicho kipimo pekee, Kondoa ni ushindi. Lakini waliolipa ni wale wale waliokuwa na ng'ombe kama akiba, mahari na maziwa ya watoto, na waliambiwa kwamba makorongo yale ni kazi yao. Watafiti waliofuata, akiwemo Pius Yanda aliyechunguza bonde la Mwisanga, na kundi la Mats Eriksson lililopima umri wa tabaka za mchanga kwa mwanga uliohifadhiwa ndani ya chembe zake, walirefusha hadithi. Vilima vya Irangi vimekuwa vikimwaga udongo kwa maelfu ya miaka, kwa vipindi, kutokana na mabadiliko ya hali ya hewa na baadaye ukataji wa miti kwa ajili ya kilimo. Mfugaji wa mwaka 1979 alikuwa mrithi wa deni, na alibebeshwa lote.

Tushuke sasa mtoni kwenyewe, kwenye sakafu ya mchanga. Wengi wetu tumevuka mto wa mchanga kwa miguu wakati wa kiangazi na kuuona ukiwa bapa, mweupe, umetulia. Baada ya mafuriko unauona vilevile. Luna Leopold, aliyekuwa mkuu wa haidrolojia katika Idara ya Jiolojia ya Marekani na baadaye mwandishi mwenza wa Dunne, hakuamini utulivu huo. Katika korongo la Arroyo de los Frijoles, karibu na Santa Fe, jimbo la New Mexico, yeye na wenzake walizika minyororo ya chuma wima ndani ya mchanga, ncha ya juu ikiwa sawa na sakafu ya mto. Kisha wakasubiri mafuriko.

Walipochimba, mnyororo ulikuwa umesimama wima kwa chini, kisha kwa ghafla umepinda na kulala kuelekea maji yalikokwenda, ukiwa umefunikwa na mchanga mpya. Mahali pa kupinda ndipo mafuriko yalipofika. Wakati maji yalipokuwa juu, mchanga wote ulio juu ya hapo ulikuwa umenyanyuliwa na kusafirishwa, na mnyororo ukabaki unapeperuka majini. Maji yalipopungua, mchanga mwingine kutoka juu ya mto ukaja kujaza pengo. Sakafu iliyoonekana haikubadilika ilikuwa imechimbika na kujazwa tena kwa saa chache. Chombo chenyewe ni mnyororo wa dukani. Kwa mwenye kujenga nguzo ya daraja, bomba la maji au kisima ndani ya mto wa mchanga, huo ndio ukweli wa kufa na kupona: msingi usiovuka kina cha kuchimbika utaning'inia wakati mbaya kuliko wote, na asubuhi mchanga utakuwa umerudi kuficha ushahidi.

Si kila mchanga ni hasara, lakini. Kitui, Machakos na Makueni, nchini Kenya, watu wanajenga kuta ndogo za mawe na saruji kukatiza mito ya msimu kwa makusudi ya kuzijaza mchanga. Maji hukaa katikati ya chembe, jua haliyafikii, mbu hawazaliani humo, na kisima cha pembeni huyatoa miezi ya kiangazi. Siri ni ukubwa wa chembe. Mchanga mkubwa huhifadhi maji na kuyaachia. Tope laini huyashika na kuyanyima. Ndiyo maana mafundi wazoefu huinua ukuta kwa awamu, ili tope lipite juu yake na mchanga mzito ubaki. Anayejenga ukuta mzima kwa mkupuo mmoja yumo hatarini kupata bwawa la matope.

Upande wa chini wa bwawa kubwa mambo hugeuka. Mwaka 1955 mhandisi Emory Lane alieleza mto kama mizani: upande mmoja kuna wingi wa mchanga na ukubwa wa chembe, upande wa pili wingi wa maji na mteremko. Ukipunguza kimoja, kingine lazima kijirekebishe. Bwawa huondoa mchanga na kuachia maji. Maji hayo, ambayo Mathias Kondolf wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyaita maji yenye njaa, bado yana nguvu ya kubeba mzigo lakini hayana mzigo, kwa hiyo huchukua kilicho karibu: sakafu na kingo za mto wenyewe. Garnett Williams na Gordon Wolman walikusanya vipimo vya chini ya mabwawa 21 nchini Marekani na kuvichapisha mwaka 1984. Chini ya bwawa la Hoover, lililokamilika katikati ya miaka ya 1930, sakafu ya mto Colorado ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya meta 7 mahali pengine. Uchimbaji huanza karibu na tuta na husogea chini mwaka hadi mwaka, mpaka mto ukutane na mwamba, au mawe makubwa yabaki na kuifunika sakafu.

Huhitaji tuta kuona njaa hiyo. Uchimbaji wa mchanga wa ujenzi hufanya kazi ileile. Kaskazini mwa Dar es Salaam, ufukwe wa Kunduchi ulilishwa na mchanga wa vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya nyuma ya pwani, vikiwemo Tegeta na Mbezi. Mji ulipopanuka, malori yalianza kuchukua mchanga huo vijitoni. Miaka ya 1980 bahari ilikula fukwe za Kunduchi na kuangusha majengo ya hoteli ya Africana, na uchunguzi uliofanyika wakati huo ulitaja uchimbaji wa mchanga vijitoni kuwa miongoni mwa sababu. Aliyekuwa akipakia mchanga Tegeta hakuwa na namna ya kujua kwamba anapakia ukuta wa hoteli.

Mtu anaweza kusema mabwawa yetu makubwa hayana shida hiyo kwa sababu ni makubwa mno kujaa. Masinga, kwenye mto Tana nchini Kenya, lilikamilika mwaka 1981 likiwa na nafasi ya meta za ujazo milioni 1,560. Upimaji uliofanyika baada ya miaka 30 hivi ulionyesha kwamba takriban sehemu moja ya kumi imekwisha kuliwa na tope. Halijajaa, na halitajaa karibuni. Lakini Masinga ndilo la juu kabisa katika msururu wa mabwawa ya umeme ya Tana, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kazi yake ni kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya wenzake wakati wa kiangazi. Kila meta ya ujazo ya tope ndani yake ni meta ya ujazo ya maji isiyofika kwenye mitambo ya wengine. Afadhali Masinga lilipimwa. Yapo malambo na mabwawa mengi Afrika Mashariki ambayo hayajapimwa tena tangu siku yalipozinduliwa kwa ngoma na hotuba, ilhali mtumbwi, kamba na wiki mbili za kazi vingetosha.

Na sasa kuna Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na kufua umeme mwaka 2024. Zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Kilombero. Ruaha Mkuu huja ukiwa tayari umepitia Mtera na Kidatu, ambako umeacha sehemu ya mzigo wake. Luwegu huja kutoka kusini kupitia nchi ya kichanga. Mchanga wa yote mitatu sasa unatua nyuma ya ukuta. Chini yake kuna bonde la mafuriko ambako wakulima hupanda mlau, mazao yanayofuata unyevu na tope maji yanapoondoka, na chini zaidi kuna delta yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Mikoko husimama juu ya tope, na tope hilo linahitaji kuongezwa kila mwaka ili lisiachwe nyuma na bahari.

Sakafu ya Rufiji itashuka kiasi gani, na kwa kasi gani, itategemea jinsi maji yanavyofunguliwa, ukubwa wa chembe zilizobaki mtoni, na kiasi ambacho kingo zitatoa. Hesabu zinaweza kufanywa, lakini hesabu bila kipimo cha mwanzo ni ubashiri. Kinachotakiwa ni mistari ya kudumu ya kukatiza mto, yenye nguzo za saruji kila ukingo, inayopimwa kila mwaka baada ya masika: karibu na ukuta, Mloka, Utete, na kwenye Daraja la Mkapa. Daraja ni mahali pazuri pa kuanzia. Lilifunguliwa mwaka 2003, miongo miwili kabla bwawa halijaanza kujazwa, na daraja lolote la ukubwa huo hujengwa baada ya wahandisi kupima kina cha sakafu kwenye kila nguzo. Michoro hiyo ni ya Rufiji ya kabla ya bwawa. Inafaa kutolewa kabatini na kulinganishwa na bildi ya mwaka huu.